Bukavu: Dekoda moja inatosha nyumba nzima, lakini waya usivuke ukuta

Katika mji wa Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, nyumba yenye dekoda moja na televisheni mbili au tatu si jambo la kushangaza tena. Televisheni bapa iko saloni. Ile ya zamani, yenye mgongo mkubwa, imehamishiwa chumba cha watoto au cha bibi. Nyingine iko kwenye duka dogo mbele ya nyumba, pale mama anapouza sukari, sabuni na inite za simu. Televisheni ni tatu, lakini parabole ni moja, dekoda ni moja, na abonema inayolipwa kila mwezi ni moja.

Wakaaji wengi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanajikuta mbele ya njia mbili. Ya kwanza ni kununua dekoda ya pili na kulipa abonema ya pili, hata kama pesa hiyo ilikuwa ya minerval ya mtoto. Ya pili ni kumwita kijana yeyote mwenye kisu na skochi, akate kebo, aunganishe nyaya, picha itokee, na asiulizwe zaidi. Njia ya kwanza inaumiza mfuko. Ya pili inaweza kuumiza watu.

Iko njia ya tatu. Ishara ya dekoda moja inaweza kupelekwa kwenye televisheni zote za nyumba moja, kwa vifaa vya bei ndogo na kazi ya nusu siku, bila hatari na bila kumwibia mtu. Kinachotakiwa ni mambo mawili: kazi ifanywe jinsi inavyopaswa kufanywa, na waya uishie pale ambapo familia inaishia. Jirani akaribishwe kwa mlango, asipelekewe waya.

Televisheni yenye mgongo haijafa

Tangu kulipoanza kuzungumzwa habari ya televisheni ya dijitali, watu wengi waliamini kwamba televisheni za zamani zimekwisha kazi. Nchi za Afrika zilikuwa zimekubaliana na nchi nyingine, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kwamba tarehe 17 Juni 2015 ndiyo mwisho wa kulinda matangazo ya analojia kwenye mawimbi ya UHF. Nchi nyingi zilichelewa, Kongo ikiwa mojawapo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuenea mitaani: televisheni ya mgongo ni takataka.

Si kweli. Kilichobadilika ni namna ishara inavyofika nyumbani. Televisheni yenyewe bado inajua kuonyesha picha ikipewa picha. Dekoda ndiyo inayofanya kazi ya kusoma ishara ya setelaiti, kuifungua kwa kadi au kwa namba ya abonema, na kuitoa kama picha na sauti. Kutoka hapo, televisheni ya mwaka 1995 na ya mwaka jana zote ni wateja wa dekoda moja.

Kuitupa nayo si jambo dogo. Kioo cha televisheni hizo kina madini ya risasi, na ndani ya mbao zake za umeme kuna vitu ambavyo havifai kuchomwa wala kulazwa kwenye bonde ambamo maji ya mvua yanapita. Bukavu ni mji wa milima, na kila kinachotupwa juu kinateremka. Wakaaji wanajua vizuri hadithi ya takataka zinazoingia ziwani Kivu na kwenda kuziba njia ya maji kwenye kituo cha umeme cha Ruzizi, kisha mji mzima unalala gizani. Kuitumia televisheni ya zamani miaka mitano zaidi ni bora kuliko kuisukuma bondeni.

Lakini ukweli usemwe wote. Televisheni ya mgongo inakula umeme. Ile ya inchi 21 inachukua kati ya wati 60 na 100, wakati televisheni bapa ya inchi 32 ya aina ya LED inatosheka na wati 30 hadi 50. Familia inayotumia mtambo mdogo wa jua na betri moja isijidanganye kwamba itawasha tatu za mgongo usiku kucha. Na kama televisheni imeanza kutoa harufu ya kuungua au kupiga cheche ndani, huo ndio mwisho wake. Kuhifadhi kitu cha zamani hakumaanishi kung'ang'ania kilicho kibovu.

Kosa la kwanza: kukata kebo ya parabole

Kosa ambalo linarudiwa zaidi katika mitaa ni hili: mtu anachukua kebo inayotoka kwenye parabole, anaikata, anaweka kigawanyo, upande mmoja unakwenda kwenye dekoda na upande mwingine unakwenda moja kwa moja kwenye televisheni ya chumbani. Halafu anashangaa kuona chumbani hakuna kitu, na saloni nako picha imeanza kukatika.

Sababu ni rahisi. Kebo hiyo haijabeba picha ambayo televisheni ya zamani inaweza kuelewa. Imebeba ishara ya setelaiti ambayo bado imefungwa, na ambayo iko kwenye mawimbi ya juu sana kwa televisheni hiyo. Tena kebo hiyo hiyo inapandisha umeme wa volti 13 au 18 kutoka kwenye dekoda kwenda kwenye LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya parabole. Nyaya zake zikigusana pale zilipokatwa, dekoda inaweza kuharibika. Kebo ya parabole iachwe jinsi ilivyo. Kinachogawanywa ni kile kinachotoka kwenye dekoda, si kile kinachoingia.

Dekoda nyingi zina matundu matatu ya rangi: njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Nyingine zina tundu moja dogo la duara linalotumia kebo maalumu yenye fishi hizo tatu upande wa pili. Za kisasa zina pia tundu la HDMI, na mara nyingi yote mawili yanafanya kazi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kazi inapoanza: HDMI inahudumia televisheni bapa ya saloni, na yale matundu ya rangi yanabaki kwa ajili ya televisheni za zamani.

Watu wengine huvuta nyaya za rangi hizo mpaka chumba cha nyuma. Kwa mita mbili au tatu ni sawa. Kwa mita 15 au 20, tena kwa nyaya nyembamba za sokoni, picha inafifia na sauti inaanza kunguruma. Ndiyo maana kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wanakiita modulateri. Kinapokea picha na sauti kutoka kwenye dekoda, kisha kinazigeuza kuwa chaneli moja ya kawaida, kama vile kituo kidogo cha televisheni ndani ya nyumba. Dekoda nyingi za zamani zilikuwa na modulateri ndani yake, kwenye tundu lililoandikwa RF. Nyingi za sasa hazina, kwa hiyo inabidi kununua cha pembeni.

Kutoka kwenye modulateri inatoka kebo moja ya antena, ile nene yenye waya mmoja wa shaba katikati na wavu wa waya ukiuzunguka. Inafika kwenye kisanduku kidogo cha kugawa, repartiteri, na kutoka hapo kila televisheni inapata kebo yake kwenye tundu la antena. Kisha kila televisheni inatafutiwa ile chaneli na inahifadhiwa, tuseme kwenye namba 1. Basi. Televisheni isiyo na tundu lolote isipokuwa la antena nayo inafanya kazi.

Mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa

Familia nyingi zimelipa fundi, zikapata picha mbaya, zikalaumu televisheni. Mara nyingi kosa liko kwingine.

Kwanza, chaneli ya modulateri. Ikichaguliwa ile ile inayotumiwa na kituo cha hapa mjini kinachorusha kwa analojia, au iliyo karibu nayo sana, picha itakuwa na mistari na kivuli. Ichaguliwe chaneli iliyo tupu.

Pili, repartiteri haigawi bure. Ya njia mbili inampa kila mmoja pungufu kidogo ya nusu ya ishara. Ya njia nne inatoa chini ya robo kwa kila mmoja. Mwenye televisheni mbili asinunue ya njia nane eti kwa ajili ya kesho. Na njia isiyotumika isiachwe wazi. Kuna kifuniko chake kidogo chenye omu 75 kinachouzwa pamoja na fishi. Kama nyumba ni ndefu na televisheni ni nyingi, ndipo kiongeza ishara kinahitajika, na kinawekwa kabla ya kugawa, si baada ya picha kwisha kuharibika.

Tatu, rangi na sauti. Televisheni za mitumba zinazofika Bukavu zimetoka kila upande: Ulaya, Dubai, wakati mwingine Amerika. Picha ikitokea bila rangi, jambo la kwanza ni kuangalia mpangilio wa dekoda na wa televisheni kama vyote viko kwenye PAL. Picha ikiwa nzuri lakini sauti ni mvumo tu, basi mfumo wa sauti haulingani. Modulateri nyingi zina sehemu ya kuchagua B/G, I au D/K, na televisheni iliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza haitasikia sauti iliyopangwa kwa nchi nyingine. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ufaransa peke yake inaweza kukataa kabisa njia ya antena, lakini mara nyingi ina tundu pana la peritel nyuma, na hilo linapokea picha ya dekoda kwa kebo yake.

Nne, umbo la picha. Matangazo ya sasa ni mapana, kioo cha zamani ni karibu mraba. Ndiyo sababu wachezaji wanaonekana warefu kama miti na matokeo ya mechi yanakatwa pembeni. Kwenye mpangilio wa dekoda kuna sehemu ya 4:3. Ikichaguliwa, kunakuwa na mistari myeusi juu na chini, lakini mtu anaona mchezo wote. Tatizo ni kwamba kwenye dekoda nyingi chaguo hilo linabadilisha pia picha ya saloni. Familia ikubaliane.

Tano, dekoda yenye HDMI peke yake. Hiyo inahitaji kigeuzi cha kuishusha kuwa picha ya rangi tatu. Kigeuzi cha bei ya chini kinaweza kukataa baadhi ya chaneli kwa sababu ishara ya HDMI inalindwa dhidi ya kunakiliwa. Mnunuzi aombe kijaribiwe mbele yake dukani kabla ya kutoa pesa.

Fundi anayejua mambo haya matano anastahili kulipwa vizuri. Anayefika bila repartiteri na kuanza kusokota nyaya za shaba kwa meno, halafu kuzifunga kwa skochi, hajafanya kazi. Ameacha tatizo ndani ya ukuta.

Telekomande moja, nyumba moja

Kuna jambo ambalo fundi hasemi kwa sababu si kazi yake. Kwa njia hii, televisheni zote zinaonyesha chaneli moja. Papa akiweka mpira saloni, chumbani kwa bibi ni mpira. Watoto wakishinda na vibonzo, dukani kwa mama wateja wataangalia vibonzo. Anayetaka chaneli tofauti katika kila chumba, huyo anahitaji kweli dekoda ya pili, na kampuni nyingi zina utaratibu wa kulipia. Hakuna kifaa cha sokoni kinachopindisha jambo hilo, na anayeahidi hivyo anadanganya.

Wengine wanaona huu ni upungufu. Kwa familia nyingi unaweza kuwa faida. Watoto wanaojifungia chumbani na simu wanaangalia kitu ambacho mzazi hakijui. Watoto wenye televisheni iliyounganishwa na dekoda ya saloni wanaangalia kile kile ambacho nyumba nzima inaangalia. Mzazi anajua. Bibi asiyeweza tena kukaa saloni kwa sababu ya miguu anasikia habari zile zile, na asubuhi ana neno la kuchangia. Leopards wakicheza, kelele zinatoka vyumba vyote kwa wakati mmoja.

Lakini faida hiyo ina upande wa pili, nao ni mzito. Kile ambacho mtu mzima anaangalia saloni saa sita za usiku kinaonekana pia kwenye chumba cha watoto, kama televisheni yao imewashwa. Si kila filamu inayopita saa hizo ni ya watoto wa miaka minane. Hapa hakuna udhuru wa kusema sikujua. Dekoda karibu zote zina namba ya siri ya kufunga filamu za watu wazima, na mzazi aiweke, tena isiwe 0000. Na kebo ya chumba cha watoto iweze kuchomolewa kwenye repartiteri, ambayo iwekwe saloni, mahali ambapo mzazi anaifikia na watoto hawaifikii. Ni kitendo cha sekunde tano.

Na telekomande? Ikae mahali panapojulikana. Nyumba ambayo haijapanga nani anachagua saa ngapi, iwe na televisheni moja au nne, itagombana tu. Habari ya saa mbili za usiku, mchezo wa mwisho wa juma, tamthilia za mama, vibonzo baada ya masomo: mambo haya yanapangwa mezani, yanakwisha.

Umeme wa kurudi na radi ya Kabare

Sehemu hii ndiyo inayobeba maisha ya watu.

Bukavu inaishi na delestaji. Umeme unaondoka, unarudi, wakati mwingine unarudi na nguvu kupita kiasi. Televisheni tatu na dekoda zilizoachwa kwenye prizi zinapokea pigo hilo kwa pamoja. Umeme ukikatika, vifaa vichomolewe, na visubiri dakika chache baada ya umeme kurudi. Multiprizi moja nyembamba isibebeshwe televisheni, dekoda, friji na pasi. Katika kata kama Cimpunda, ambako nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega, moto wa nyumba moja hauwi wa nyumba moja. Wakaaji wa Kadutu hawahitaji kufundishwa jambo hilo, wameshaona majivu.

Kebo ya antena nayo ina hatari yake, ambayo watu hawaifikirii. Inaunganisha chuma cha kifaa kimoja na chuma cha kingine. Kifaa kimoja kikiwa na kasoro, wavu wa kebo unaweza kupeleka umeme huo kwenye vyumba vingine. Televisheni za zamani sana ni mbaya zaidi: ndani yake, sehemu kubwa ya mbao ya umeme inaweza kuwa imeungana moja kwa moja na waya wa SNEL. Tundu lake la antena limekingwa na kiwanda. Lakini fundi akitoboa mgongo wake na kuchomelea matundu ya rangi ambayo kiwanda hakikuyaweka, ukingo huo umeondolewa, na mtoto atakayegusa fishi hiyo atagusa umeme. Televisheni yenye tundu la antena peke yake itumiwe kwa modulateri. Isitobolewe.

Na yeyote asifungue televisheni hiyo kwa kujaribu. Kioo chake kinafanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa.

Kisha iko radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setelaiti vya miaka mingi, uliweka eneo lililopewa jina la Kabare katika nafasi ya kwanza barani Afrika kwa wingi wa radi, na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo huko Venezuela. Kabare ni jirani wa Bukavu. Mji huu unaishi chini ya mawingu yanayopiga sana, na juu ya mabati yake wamepanda maelfu ya vyuma vya parabole vilivyounganishwa kwa kebo mpaka ndani ya vyumba vya kulala.

Nyumba yenye televisheni moja, radi ikipiga karibu, inaweza kupoteza televisheni moja. Nyumba yenye televisheni tatu kwenye kebo moja inaweza kupoteza zote tatu na dekoda kwa pigo moja. Kwa hiyo mawingu yakianza kunguruma, kuchomoa fishi ya umeme peke yake hakutoshi. Kebo ya parabole ichomolewe pia nyuma ya dekoda, na itupwe mbali na vifaa. Ifanywe mapema, wakati radi bado iko mbali. Hakuna mechi inayostahili mtu ashike kebo wakati anga linawaka. Nguzo ya parabole iunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba na chuma kilichopigwa chini. Waya huo haumhakikishii mtu kwamba radi haitapita, lakini unapunguza madhara, na bei yake ni ndogo kuliko dekoda mpya.

Waya ukivuka ukuta

Mpaka hapa ni habari ya nyumba moja. Tatizo kubwa la Bukavu linaanza pale kebo inapotoka dirishani, inapita juu ya mabati, inavuka kichochoro na kuingia kwa watu wengine.

Wako wenye parseli ambao wana dekoda moja na wapangaji watano. Wanawavutia kila mmoja kebo, na kila mwisho wa mwezi wanadai sehemu ya pesa pamoja na kodi ya nyumba. Wako vijana ambao wameigeuza dekoda ya nyumbani kuwa biashara ya mtaa mzima. Wanaotetea jambo hilo wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa. Wanasema maisha ni magumu, abonema ni ghali, na Wakongo wamezoea kugawana: maji, chumvi, makaa, hata chumba. Kwa nini wasigawane picha?

Jibu la kwanza ni la mkataba. Abonema ya nyumbani inauzwa kwa ajili ya nyumba moja. Anayeiuza tena anauza kitu ambacho hakupewa haki ya kuuza. Kazi za sanaa nazo zina wenyewe. Kongo ina sheria ya kulinda haki za waandishi na wasanii tangu ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Wasanii wa mji huu wanaolia kila siku kwamba nyimbo zao zinanakiliwa na kuuzwa bila wao kupata franka moja, hawawezi kulia mchana na kuuza kebo usiku.

Jibu la pili ni la usalama. Ndani ya nyumba moja, familia inajua kila prizi. Kebo inapofika kwa jirani, inaunganisha nyumba mbili ambazo pengine zina laini tofauti za umeme, moja ikiwa na dijonkteri na nyingine ikiwa imeunganishwa kienyeji. Kasoro ya kule inafika huku. Radi inayopiga parabole ya mmoja inapewa barabara ya kwenda kwa wote. Nani atamlipa mpangaji televisheni yake iliyoungua? Nani atajibu kama ni mtoto?

Jibu la tatu ni la amani katika parseli. Ugomvi wa kebo unafanana na ugomvi wa umeme wa konteri moja, ambao kila mpangaji wa Bukavu anaujua. Mmoja amelipa, mwingine hajalipa. Mwenye dekoda anabadilisha chaneli dakika ya 85. Mwezi ukiisha bila abonema, aliyelipa nusu anadai arudishiwe, na mwenye nyumba anajibu kwa kumtishia kuondoka. Kitu kilichoanza kama msaada kinaishia mbele ya mkuu wa avenue. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna shahidi, na mnyonge ndiye anayeshindwa.

Ugawanaji wa Kikongo haujawahi kuhitaji kebo. Jirani akitaka kuangalia mpira, anabisha hodi, anapewa kiti, watoto wake wanakaa kwenye mkeka. Hakuna anayelipishwa, hakuna mkataba unaovunjwa, hakuna waya juu ya mabati. Anayesema hana nafasi saloni, basi azungushe televisheni ya mgongo itazame ua. Mlango wazi unagharimu kidogo kuliko mita 50 za kebo, na unaacha urafiki nyuma yake. Waya unafanya watu wakae kila mmoja kwake na wasikie majina ya wenzao siku ya kugombana tu.

Kwa mwenye parseli anayetaka kweli kuwahudumia wapangaji wake, njia iko: amwendee muuzaji wa abonema, aulize utaratibu wa nyumba za kupangisha au hoteli, aweke mambo kwenye mkataba wa kupanga, na alete fundi mwenye kujibu kwa kazi yake. Ikiwa hesabu haimlipi, basi aache.

Kinachobaki kwa kila mmoja

Mafundi wa Bukavu wana nafasi nzuri hapa. Kazi ya kuunganisha televisheni za zamani ni ya kweli, inahitajika, na haihitaji mtaji mkubwa: kisu kizuri cha kebo, fishi, repartiteri, modulateri mbili za kujaribia, na kipimo cha umeme. Fundi anayekataa kuvusha kebo kwa jirani atapoteza mteja mmoja leo, lakini hatakuwa na jina la yule aliyechoma nyumba.

Viongozi wa kata na wa avenue nao, wanapokusanya watu kuzungumzia salongo na taka, waongeze dakika kumi kuzungumzia nyaya zilizolala juu ya mabati. Si kwa kutoza faini wala kutafuta cha mfukoni, kwa kuwa hilo mitaa imelichoka. Waonyeshe watu hatari iko wapi, na ni kebo gani zishuke kabla ya majira ya mvua kuanza.

Na familia zijue kwamba hakuna aibu kuwa na televisheni ya mwaka 1995 katika chumba cha watoto. Aibu ni kumnyima mtoto masomo ili kulipa abonema ya pili, au kumlaza chini ya kebo iliyofungwa kwa skochi. Dekoda moja, kebo nzima, chaneli moja iliyopangwa vizuri, telekomande mahali pake, na yote yamechomolewa radi inaponguruma: hiyo inatosha nyumba. Jirani apewe kiti.